Jicho la Mgeni: Swali la Kimaadili katika Kupanga Safari ya Venezia

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, anafundisha katika kitabu cha tatu cha Maadili ya Nikomako kwamba mtu anapotafakari la kutenda hatafakari juu ya lengo, hutafakari juu ya njia za kulifikia: tabibu hajiulizi kama amponye mgonjwa, hujiuliza atamponyaje. Fundisho hili linamgusa kwa namna ya pekee mtu anayepanga kwenda kuitazama Venezia, mji wa kaskazini-mashariki mwa Italia uliojengwa juu ya visiwa vidogo zaidi ya mia moja ndani ya laguna, yaani eneo la maji ya chumvi yenye kina kifupi lililotengwa na bahari kwa kanda nyembamba za mchanga. Mpango wake umejaa njia: tarehe ya ndege, tiketi ya boti za abiria, saa ya kuingia Kanisa Kuu la Mtakatifu Marko, bei ya gondola. Lengo halimo, kwa kuwa lilikwisha kuamuliwa kimyakimya, na muda aliokitengea kila kitu ndio unaolifichua. Aliyeupa mji mzima nusu siku amekwisha kulijibu swali zito la kifalsafa pasipo kujua kwamba ameulizwa: mtu hutazama kwa ajili ya nini?

Swali hilo lina historia ndefu katika mji wenyewe. Katika karne ya 15 Venezia ilikuwa bandari kuu ya mahujaji Wakristo wa Ulaya waliokwenda Yerusalemu, ambao walivuka milima ya Alpi kwa farasi au kwa miguu, wakafanya mkataba na mwenye merikebu, kisha wakangoja wiki kadhaa hadi siku ya kutweka matanga kuelekea Jaffa. Felix Fabri, mtawa Mdominiko wa mji wa Ulm huko Ujerumani, aliyefunga safari hiyo mwaka 1480 na tena mwaka 1483, aliacha maelezo marefu ya siku hizo za kungoja, ambazo mahujaji walizitumia kuzuru makanisa na masalia, yaani mabaki ya miili ya watakatifu na vitu vinavyohusishwa nao. Kwa hujaji huyo Venezia ilikuwa kituo tu cha njiani, na bado aliipa wiki nzima nzima; kwa mtalii wa leo Venezia ndiyo mwisho wa safari, naye huipa saa chache. Isidhaniwe kwamba watu wa kale walikuwa wema zaidi, kwani walizuiwa na majira na mikataba wala hawakuchagua kukaa. Hata hivyo kuzuiwa huko kuliwapa kitu ambacho hiari ya leo inakikosa, nacho ni muda wa kuchoka kutazama na kuanza kuishi miongoni mwa wanaotazamwa.

Dini zimelitafakari jicho kwa kina kuliko wapangaji wa safari wanavyodhani. Augustino, mzaliwa wa Thagaste katika Algeria ya leo na askofu wa Hippo, anaiweka tamaa ya macho miongoni mwa vishawishi vikuu katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake, na anaitenga kwa uangalifu na furaha ya kuona kilicho kizuri: anachokikemea ni ile hamu ya kuona ili mtu aseme ameona, hamu inayoweza kuvutwa hata na maiti iliyoraruka. Kurani kwa upande wake inawahimiza watu mara nyingi watembee katika ardhi na kutazama mwisho wa waliotangulia, na wanazuoni hukiita kinachotafutwa humo ibra, yaani mazingatio yanayombadilisha mwenye kuona. Kwa juujuu mapokeo haya yanapingana, moja likilifumba jicho na jingine likilifumbua, lakini kwa undani yanakubaliana kwamba jicho halipaswi kujitosheleza lenyewe.

Venezia inalipima jicho kwa ukali, kwa sababu vingi vinavyotazamwa humo havikujengwa ili vitazamwe. Katika miaka ya 1630 na 1631 tauni iliangamiza takriban theluthi moja ya wakazi wa mji, na tarehe 22 Oktoba 1630 watawala wake waliweka nadhiri kwamba ugonjwa ukiondoka watamjengea Bikira Maria kanisa. Ugonjwa ukaondoka. Msanifu Baldassare Longhena, aliyekuwa bado kijana, alipewa kazi ambayo ilimchukua maisha yake yote, maana kanisa hilo la Santa Maria della Salute, lililosimamishwa juu ya magogo mengi mno yaliyopigiliwa katika matope ya laguna, lilitabarukiwa mwaka 1687, miaka mitano baada ya kifo chake. Hadi leo, kila tarehe 21 Novemba, hutandazwa daraja la muda juu ya Mfereji Mkuu, wenyeji wakavuka kwa maelfu, wazee kwa watoto, wakawasha mishumaa na kurudi nyumbani kula castradina, mchuzi wa kabichi na nyama ya kondoo iliyokaushwa kwa chumvi na moshi. Aliyeandika katika mpango wake kwamba kwa Salute dakika 20 na picha moja ya kuba zitatosha atapita mbele ya deni ambalo mji umekuwa ukililipa kwa karibu miaka 400, na hataliona. Wala hatakiwi kuishiriki imani ya wenyeji ili alione. Msomaji wa Kiswahili, awe Mwislamu wa Lamu au Mlutheri wa Bukoba, anajua vyema nadhiri ni nini na kwamba haivunjwi, na ujuzi huo utamfikisha ndani ya jengo hilo zaidi ya kitabu chochote cha mwongozo.

Lakini si kila kitu ni cha kuheshimiwa vivyo hivyo. Farasi wanne wa shaba wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Marko waliporwa Konstantinopoli, Istanbul ya leo, mwaka 1204, wapiganaji wa vita vya msalaba walipouteka mji wa Wakristo wenzao. Napoleon naye akawapora mwaka 1797, wakarejeshwa mwaka 1815, na leo wanaosimama nje ni nakala huku wale wa asili wakihifadhiwa ndani. Pwani ya Afrika Mashariki nayo ina sehemu katika hesabu hii, kwa kuwa shanga za kioo za Venezia zilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizobebwa na misafara ya karne ya 19 kutoka pwani kwenda bara, katika biashara iliyorudi na pembe za ndovu na watumwa. Uzuri wa namna hiyo unamdai mtazamaji akumbuke ulivyopatikana, na hapo ndipo ibra inapoanza.

Wahenga wa Kiswahili walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika Venezia kauli hiyo imegeuka kuwa swali chungu. Mwaka 1951 visiwa vya mji mkongwe vilikuwa na wakazi wapatao 175,000. Leo hawafiki 50,000, ilhali wageni wanahesabiwa kwa mamilioni kila mwaka. Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Prussia wa karne ya 18, alishikilia kwamba binadamu asitumiwe kamwe kama njia tu, bali achukuliwe daima kuwa lengo lenyewe. Na mgeni anayemwona mwenyeji kama sehemu ya mandhari anaikiuka kanuni hiyo hata akiwa mpole. Mwaka 2024 halmashauri ya mji ilianza kumtoza mgeni wa kutwa yuro 5 katika siku za msongamano zilizotangazwa, na mwenye kulala mjini hutozwa kwa njia nyingine, kupitia kodi ya malazi. Hatua hiyo inaeleweka, ila itamdhuru mgeni kiroho iwapo atadhani kwamba akishalipa amemaliza wajibu wake, kwa kuwa deni la ugeni ni la mtu kwa mtu na halifutwi langoni.

Hata hivyo ushauri wa kukaa siku nyingi zaidi, ambao hoja zote zilizotangulia zinauelekea, una mwiba wake. Nyumba nyingi za wenyeji zimegeuzwa makazi ya kukodishwa kwa siku chache, kodi za nyumba zimepanda, na vijana wamehamia Mestre, mji wa bara ng'ambo ya daraja. Kwa hiyo anayelala siku nne katika nyumba iliyokuwa ya familia huenda amechangia zaidi kumwondoa mwenyeji kuliko aliyepita kwa saa sita. Zipo hoteli za siku nyingi, zipo nyumba za watawa zinazopokea wageni, na wapo wenyeji wanaokodisha chumba kimoja ndani ya nyumba wanamoishi bado. Kwa sababu hiyo suala la mahali pa kulala ni zito kimaadili kuliko suala la vitu vya kutazama, na katika mpango wa safari linastahili kuandikwa kwanza, kabla ya tiketi yoyote kununuliwa.