Aliyerudi Mikono Mitupu

Pikipiki ya mbio za spidwei haina breki. Ina gia moja, injini ya cc 500, na mafuta yake ni methanoli. Waendeshaji wanne hujipanga mstari, utepe huruka juu, nao huzunguka uwanja wa udongo mara nne. Dakika moja hivi, mambo yamekwisha. Kwenye kona mwendeshaji huliachia gurudumu la nyuma liserereke, huku mguu wa kushoto, uliovishwa soli ya chuma, ukikwaruza ardhi. Sijaona mchezo unaoifunua methali ya kuteleza si kuanguka kama huu. Humo, asiyejua kuteleza ndiye anayeanguka.

Ivan Mauger wa Christchurch, New Zealand, alikwenda Uingereza mwaka 1957 akiwa na miaka 17. Klabu ya Wimbledon, London, ilimpa nafasi chache, hakung'ara, akarudi kwao. Hapa ndipo moyo wangu husimama. Kwetu, anayerudi kutoka ng'ambo na sanduku jepesi huona haya hata kutoka nje mchana. Majirani humhesabia miaka aliyopoteza, na nduguze huanza kumsemea pembeni. Wengi huishia hapo, na si kwa kukosa uwezo. Macho ya watu ndiyo yaliyowamaliza.

Mauger aliendelea kukimbia New Zealand na Australia, kwenye viwanja ambavyo London haikuvitazama. Mwaka 1963 alirejea Uingereza, safari hii kwa klabu ya Newcastle. Akawa bingwa wa dunia 1968, 1969 na 1970, mara tatu mfululizo. Wapenzi wawili wa mchezo huo kutoka Marekani walikuwa wameahidi kwamba akitwaa taji la tatu wataipaka pikipiki yake dhahabu, nao wakatimiza. Chuma kile kilichozoea matope kikang'aa kama mkufu wa bibi harusi.

Lakini mimi siihusudu dhahabu ile. Ninaihusudu miaka ya katikati, ambayo hakuna aliyempigia makofi, naye kila asubuhi akaamka na kazi ileile.

Alitwaa tena ubingwa 1972 na 1977. Taji la sita alilichukua Chorzów, Poland, Septemba 1979, akiwa amebakiza mwezi mmoja tu atimize miaka 40. Ilikuwa miaka 22 tangu afike kwa mara ya kwanza London ile iliyomwona hafai.