Sarafu Kongwe na Haki ya Asiyejua

Ndugu msomaji, wako kati yetu watu wanaopenda kukusanya sarafu za zamani, hasa zile za nchi zilizotawaliwa na Waingereza. Mmoja utamkuta na rupia za Bara Hindi zenye sura ya Malkia Victoria, na shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba, na senti kumi ya mwaka 1936 yenye tundu katikati na jina la Mfalme Edward VIII. Mfalme huyo hakumaliza mwaka katika kiti chake, lakini jina lake liliendelea kuzunguka mikononi mwa wauza samaki wa pwani yetu.

Je, yajuzu kukusanya? Yajuzu. Sura ya mfalme isikutie shaka, kwani Masahaba walinunua na kuuza kwa sarafu za Warumi na Waajemi, mpaka Khalifa Abdulmalik bin Marwan alipopiga za Kiislamu mwaka 77 Hijriya. Ama onyo la Sura ya Tawba juu ya wanaolimbika dhahabu na fedha, wanavyuoni wengi wamesema mali iliyotolewa zaka haimo katika onyo hilo. Basi mwenye kukusanya na apime. Rupia moja ya zamani ina fedha safi karibu gramu 10.7, nisabu ya fedha ni dirhamu 200, ambazo wengi huzihesabu gramu 595. Rupia 56 zikikaa mwaka mzima, zaka imekupasa. Shilingi zilizopigwa kati ya 1921 na 1946 ni fedha robo tu, na katika madhhabi yetu ya Shafi huhesabiwa ile fedha safi peke yake, kwa hiyo huifikii nisabu mpaka uwe nazo mia tatu na ushei. Na anayenunua ili auze, huyo ni mfanyabiashara. Atoe zaka ya biashara, hata kama ni senti za shaba.

Hayo ni mepesi. Linalonitia wasiwasi ni jingine.

Chukua mfano wa bi mkubwa aliyeachiwa kikopo na marehemu mumewe. Ndani mna senti ishirini ya Unguja ya mwaka 1908, yenye mnazi, iliyopigwa zama za Sultani Ali bin Hamud, Unguja ikiwa chini ya himaya ya Waingereza. Sarafu hiyo ni adimu na wakusanyaji huitafuta sana. Yeye haoni ila kipande cha chuma. Anakuja mjuzi, anaitambua mara moja, moyo unamdunda, lakini uso anaukaza. "Wataka ngapi, mama?" "Nipe ya kununulia unga, mwanangu." Anatoa upesi, anaondoka upesi zaidi.

Ukimuuliza atakwambia: bei kaitaja mwenyewe, sikusema uwongo, na elimu yangu nimeihangaikia miaka. Maneno haya si ya kupuuzwa. Hata mafakihi wetu hawasemi kuwa biashara inabatilika kwa sababu tu mnunuzi kapata faida kubwa. Lakini hebu tazama: Mtume S.A.W. alikataza watu kuitokea misafara njiani na kununua bidhaa zake kabla wenyewe hawajafika sokoni wakajua bei. Na katika madhhabi yetu, muuzaji wa namna hiyo akijua kuwa kapunjwa, ana hiari ya kuivunja biashara. Yule wa msafara naye aliridhika, naye bei aliitaja kwa ulimi wake! Ridhaa ya mtu asiyejua anachokiuza ni ridhaa ya namna gani? Na huyu bi mkubwa wetu, soko la sarafu hatalifikia maisha yake yote.

Imam Ghazali katika Ihya ametenga uadilifu mbali na ihsani mbali. Nayo ihsani aliionyesha Sahaba Jarir bin Abdillah. Mtumishi wake alimnunulia farasi kwa dirhamu 300. Jarir alipomwona farasi, alimwambia mwenyewe kuwa mnyama wake ana thamani zaidi, akawa anapandisha bei mwenyewe mpaka ikafika 800. Alipoulizwa, alisema alimpa Mtume ahadi ya kumtakia kheri kila Muislamu. Na usinijibu kuwa bi mkubwa wako si Muislamu. Dhuluma haibagui dini.

Simwambii mjuzi asipate kitu. Amwambie kwanza kile alicho nacho, na thamani yake kwa makadirio, kisha wapatane. Faida ichukuliwe mchana kweupe. Akitaka kumuuzia kwa wengine, achukue ujira wa dalali. Ikiwa sarafu ni ya fedha, malipo yawe mkono kwa mkono, si "nitakuletea Ijumaa". Na aliyekwisha kununua kwa bei ya unga, nyumba ya yule mama anaijua. Akimkuta amefariki, basi wako warithi.