Mizani Iliyo Chini ya Nyayo Zetu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, katika Sura ya Ar-Rahman Mola wetu ametutajia mizani, na ametukataza kuipunja. Wengi wetu tukilisikia neno hili fikira zetu huenda dukani, kwenye ratili na pishi. Lakini mizani ni pana kuliko hivyo, na leo tutaitaja moja iliyo katika udongo wa msitu.

Majani yapukutikayo na magogo yaangukayo hayabaki yalivyo. Baada ya muda huwa udongo. Wafanyao kazi hiyo ni bakteria na kuvu, viumbe wadogo mno, hata kijiko kimoja cha udongo kina mamilioni yao. Hula mabaki hayo, huirudishia miti chakula chake, na kwa pumzi zao hutoa hewa ya ukaa kama tutoavyo sisi. Kinachoingia udongoni na kinachotoka hukaribia kulingana: hiyo ndiyo mizani. Na kilichohifadhiwa humo si haba, kwani udongo wa dunia una kaboni nyingi kuliko ile ya hewani na ya mimea yote ikijumlishwa pamoja.

Basi joto la dunia likizidi, viumbe hawa watafanya nini? Mwaka 1991, katika Harvard Forest, msitu ulioko Massachusetts, Marekani, wataalamu walizika nyaya za umeme na kuupasha udongo joto, nyuzi 5 za Selsiasi zaidi ya udongo wa kando yake. Wakaacha viwanja vyenye nyaya zisizowashwa, na vingine visivyoguswa, ili walinganishe kwa haki. Miaka 10 ya mwanzo hewa ya ukaa ilitoka kwa wingi. Kisha ikatulia miaka 7, na mwenye haraka angalisema mambo yamekwisha. Kumbe viumbe walikuwa wakibadilika: wakazidi wenye kuweza kuvunja hata mabaki magumu ya miti, na hewa ikatoka tena kwa miaka 6, ndipo ikatulia mara ya pili. Jerry Melillo na wenzake walipotangaza matokeo mwaka 2017, baada ya miaka 26, udongo ule ulikuwa umepoteza asilimia 17 ya kaboni iliyokuwa katika sentimita 60 za juu.

Huko ni nchi ya baridi. Katika kisiwa cha Barro Colorado, Panama, penye msitu wa nchi za joto kama zetu, udongo uliongezwa nyuzi 4 kwa miaka 2. Matokeo ya mwaka 2020 yakaonyesha kuwa hewa itokayo imezidi kwa asilimia 55.

Tazameni basi: binadamu achoma mafuta na kufyeka misitu, joto lazidi, joto lawahimiza viumbe, nao watoa hewa ya ukaa, na hewa hiyo yazidisha joto. Je, tuwalaumu viumbe? Hasha! Wao wafuata maumbile waliyoumbiwa. Aliyeipunja mizani ni yule aliyepewa akili na amana, naye ni sisi.

Wako wasemao kuwa hiyo ni kudura, sisi hatuna letu. Twawajibu: mtu akiichoma nyumba ya jirani yake, kadhi hamwachilii kwa kutaja kudura. Wengine husema dhima ni ya wenye viwanda vikubwa. Ni kweli sehemu yao ni kubwa. Lakini dhima ya mkubwa haimfutii mdogo yake. Na wengine husema tutapanda miti. Kupanda mti ni sadaka njema, wala hatuipingi; lakini kaboni iliyokusanyika ardhini kwa karne nyingi hairudishwi na miche ya msimu mmoja. Kuuhifadhi msitu uliosimama kwatangulia.

Basi anunuaye makaa au boriti na aulize zimetoka msitu gani, na kwa idhini ya nani. Na mwenye madaraka asiuze kwa faida ya siku moja kile ambacho wajukuu wake hawataweza kukinunua tena.

Wabillahi taufiq.