Wimbo Unaolala Kwenye Foleni

Wewe una wimbo kichwani.

Ndiyo, wewe uliyebanwa ndani ya taksi pale Wandegeya, Kampala, unayegonga goti kwa vidole huku konda akihesabu chenji. Wimbo huo una muda gani? Miezi mitatu? Mwaka? Na mwaka mzima umeufanyia nini?

Usiniambie huna nafasi. Usiniambie huna studio. Hizo nimezisikia, nimezichoka!

Mwaka 1733, mjini Naples, kijana wa miaka 23, Giovanni Battista Pergolesi, alitunga opera nzito ya watu wakubwa. Kati ya sehemu zake palitakiwa kitu kifupi cha kuchekesha, watazamaji wapumzike. Akatunga na hicho. Waimbaji wawili tu, na wa tatu asiyetamka neno. Kijakazi mjanja anamzungusha bwana wake mpaka bwana anakubali kumwoa. Haifiki hata saa moja.

Ile opera nzito, nani anaijua leo? Kile kijazio cha mapumziko, La serva padrona, kinaimbwa hadi leo. Mwaka 1752 kilitikisa Paris, wapenzi wa muziki wakagawanyika kambi mbili, wakashambuliana kwa vijitabu. Mwenyewe hakuyaona. Alikufa mwaka 1736, akiwa na miaka 26.

Ishirini na sita! Wewe una mingapi?

Utaniambia Naples ni mbali. Haya, twende karibu. Shuka mjini, simama mbele ya Ukumbi wa Taifa wa Maigizo, mbele ya ule ukuta wa matundu. Ulifunguliwa mwaka 1959, enzi za mkoloni. Byron Kawadwa alikuja kuwa mkurugenzi wake, lakini hakungoja cheo ndipo aanze. Aliunda kundi, Kampala City Players. Akaandika kwa Kiganda, lugha ya sokoni, lugha ambayo mama anamwitia mtoto kula. Akashikana na mtunzi wa muziki, Wassanyi Serukenya, wakatoa Oluyimba lwa Wankoko, wimbo wa jogoo: igizo la kuimbwa na kuchezwa, lenye fumbo zito la madaraka tumboni mwake.

Mwaka 1977 jogoo huyo aliwika Lagos, kwenye FESTAC, tamasha kubwa la sanaa za watu weusi.

Mwaka huohuo watu wa Idi Amin walimkamata Kawadwa wakamuua.

Soma tena mstari huo. Mtu alilipia jukwaa kwa uhai wake. Wewe unaogopa nini? Jirani atacheka? Acha acheke! Ukitunga kichekesho, kicheko chake ndicho ujira wako.

Huna piano? Una simu. Huna kundi? Una dada yako na rafiki mmoja, na Pergolesi alitosheka na sauti mbili. Huna muda?

Jana jioni ulisimama kando ya barabara ukingoja rolex. Muuzaji akavunja mayai kwenye kikombe cha plastiki, akakatakata kitunguu na kabichi juu yake, akakoroga, akamwaga kwenye kikaango cha moto, akalaza chapati juu. Ulikuwa unafanya nini dakika zote hizo? Ulikuwa unatazama video za watu waliothubutu.

Foleni ni muda. Umeme ukikatika, giza lile ni muda. Kungoja bodaboda mvua ipungue ni muda. Siku yako imejaa mapumziko, na mwenzako wa Naples alipewa mapumziko tu akayageuza kazi isiyokufa.

Unacho kipaji. Kimelala, na wewe ndiye unayekiimbia kilale!

Kiamshe leo. Mstari wa kwanza utakuwa mbovu, uandike hivyohivyo. Wa pili utaurekebisha. Wa kumi utakushangaza.

Taksi imesogea. Toa simu, bonyeza kurekodi, imba wimbo huo mpaka mwisho kabla hamjafika stendi.