Nafasi Iliyoachwa Kwenye Safu



 Ndugu zangu Waislamu, leo nina jambo moja tu, nalo limenikaa kifuani tangu Alfajiri moja ya juma lililopita. Nilisimama hapa mbele nikasema, kama kila siku, nyoosheni safu, zibeni nafasi. Nikageuka kuangalia. Safu ya pili ilibanana vizuri mpaka karibu na ukuta, kisha pakawa na nafasi ya watu wawili, na baada ya nafasi hiyo alisimama kijana mmoja peke yake. Wengi wetu tunamjua. Aliiba, akahukumiwa, akatumikia kifungo, akarudi nyumbani. Hakuna aliyemfukuza msikitini wala aliyemtolea neno. Watu walijivuta tu pembeni. Nami niliiona nafasi ile, nikanyamaza, nikaelekea kibla nikapiga takbira. Allah anisamehe.

Sisemi kwamba jamii iishi bila miiko. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mtaa ambao mwizi anachekewa, mlevi anashangiliwa, na mtu anadhulumu mirathi ya mayatima kisha anakaribishwa kiti cha mbele kwenye hitima, mtaa huo umekwisha hata kama nyumba zake bado zimesimama. Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe aliamuru watu wasusiwe. Basi tulitazame susio lile, tulipime na letu.

Ilikuwa mwaka wa 9 Hijria, katika safari ya jeshi kwenda Tabuk. Jua lilikuwa kali, njia ndefu, na tende za Madina zilikuwa zimeiva, kila mtu akipenda kivuli. Kaab bin Malik, mshairi wa Ansar, mtu aliyekula kiapo cha Aqaba, hakuwa na udhuru wowote wa kubaki. Alikuwa na afya, na alimiliki ngamia wawili, jambo ambalo halikupata kumtokea kabla ya hapo. Aliahirisha tu. Leo atajiandaa, kesho atajiandaa, mpaka jeshi likatangulia mbali. Alipotoka nje ya nyumba yake ndipo alipohuzunika, kwani hakuona waliobaki ila watu wanaotuhumiwa unafiki, au wanyonge ambao Allah amewapa udhuru.

Kule Tabuk Mtume aliuliza habari zake. Mtu mmoja wa kabila lake akasema kwamba nguo zake nzuri na kujitazama ndiko kulikomzuia. Papo hapo Muadh bin Jabal akamkemea msemaji, akaapa kwamba wao hawajui kwa Kaab ila kheri. Naomba tusimame hapa kidogo. Kaab kweli alikuwa na kosa. Lakini hakuwapo, na aliyesemwa vibaya mbele ya watu akapata mtu wa kumtetea. Ni barazani kwa nani, katika mtaa wetu huu, ambapo mkosaji asiyekuwapo humpata Muadh wake?

Mtume aliporudi, watu zaidi ya 80 walimjia na visingizio na viapo. Akapokea maneno yao, na ya moyoni akamwachia Allah. Kaab akasema kweli: sikuwa na udhuru. Ndugu zake wakamfuata njiani wakimlaumu kwa nini hakutunga chochote, mpaka akakaribia kurudi kujikanusha. Akauliza, yuko mwingine aliyesema kama mimi? Akatajiwa Murara bin Rabii na Hilal bin Umayya, wawili wema, akashika msimamo wake.

Kisha ikaja amri: hao watatu wasisemeshwe. Murara na Hilal wakajifungia majumbani wakilia. Kaab alikuwa ndiye kijana kati yao, akawa anatoka, anaswali na jamaa, anazunguka sokoni, wala hapana anayemjibu. Alikuwa akimtolea Mtume salamu baada ya sala, kisha anabaki kujiuliza kama midomo ile imetikisika au la. Akiswali karibu naye, anamtupia jicho la kuiba. Na hapa ndipo moyo wangu unaposhikwa: Kaab anasimulia kwamba akizama katika sala yake, Mtume humtazama, na yeye akigeuka, Mtume hugeuza uso. Aliyemsusa alikuwa bado anamwangalia.

Siku zilipozidi alipanda ukuta wa bustani ya binamu yake Abu Qatada, mtu aliyempenda kuliko wote, akamtolea salamu. Hakujibiwa. Akamwapisha kwa Allah: hujui kwamba nampenda Allah na Mtume wake? Kimya. Mara ya tatu ndipo Abu Qatada akasema kwamba Allah na Mtume wake ndio wajuao. Machozi yakamtoka Kaab, akarudi alikotoka. Siku hizo hizo ikamfikia barua ya mfalme wa Ghassan, kumwalika aende kwake akaliwazwe. Ndivyo ilivyo siku zote, aliyetengwa hakosi wa kumwita, na vijiwe vya unga mitaani petu navyo vina milango wazi usiku na mchana. Kaab aliitia barua ile katika tanuri ya mkate. Naamini aliweza kwa sababu alijua kwamba waliomnyamazia wanamngoja arudi.

Zikatimia siku 50. Kaab ameswali Alfajiri juu ya paa la nyumba yake, dunia imembana, mara akasikia mtu akipaza sauti kutoka mlima Sal'i: Kaab, pokea bishara! Toba yao imepokelewa, na imo katika sura ya At-Tawba, aya ya 118. Mtu alikuwa ameshapanda farasi kumpelekea habari, ila sauti ikamtangulia farasi. Tazameni watu wale walivyoshindana kufikisha habari ya mtu aliyesamehewa. Sisi tunashindana kurusha video ya aliyefedheheka. Juzi binti wa watu alirekodiwa katika hali isiyofaa, na kabla ya Isha picha zile zilikuwa zimeingia mpaka katika kundi la simu la msikiti wetu. Susio la Kaab liliisha siku ya 50. Video ile itaisha lini? Binti yule akitubia usiku huu, nani atapanda mlima kutangaza?

Wako watakaosema kwamba tukilegeza, maovu yatazidi. Ndugu zangu, hatujawakazia wote. Tumewakazia wanyonge. Alipoiba mwanamke wa ukoo mkubwa wa Makhzum, watu walimtuma Usama bin Zaid akamwombee, na Mtume akakasirika sana, akabainisha kwamba waliotangulia waliangamia kwa kumwachia mtukufu na kumwadhibu mnyonge. Hukumu ikapita. Lakini bibi Aisha ametusimulia na yaliyofuata: mwanamke yule alitubia vizuri, akaolewa, na alikuwa akienda nyumbani kwa Aisha, naye akimfikishia Mtume haja zake. Mkono umekatwa, mlango haukufungwa. Kwetu sisi, mla fedha za wakfu tunamwita mheshimiwa, na kijana aliyeiba simu, kama hakuchomwa kwa tairi barabarani, tunamwachia nafasi ya watu wawili kwenye safu.

Kaab alipokuwa akienda msikitini siku ile, njia nzima watu walikuwa wakimpongeza makundi kwa makundi. Nguo alizovaa alimpa mleta bishara, akaazima nyingine za kwendea. Alipoingia, Talha bin Ubaidullah aliinuka, akamkimbilia, akampa mkono. Na uso wa Mtume uling'aa kwa furaha kama kipande cha mwezi.

Miaka ikapita. Kaab akawa mzee, macho yakapofuka, mwanawe Abdullah akawa ndiye anayemshika mkono na kumwongoza njia. Huyo ndiye aliyemsikia baba yake akisimulia kisa chote hiki. Na katika yote yaliyompata, mzee yule asiyeona alisema kwamba kule kuinuka kwa Talha hatakusahau.

Sasa muadhini atakimu. Kijana wetu nimemwona, ameketi karibu na mlango. Nikishuka hapa nitamwendea nimlete safu ya kwanza, nyuma yangu. Mlio kulia na kushoto kwake, sogeeni, bega kwa bega.