Dhima ya Muundaji: Ukoo wa Wadia na Manowari za Bombay

Swali la iwapo dhima ya kitu hukoma pale kinapotoka mikononi mwa fundi aliyekiunda, au humfuata fundi huyo hadi mahali ambapo yeye mwenyewe hakufika, limewashughulisha wanafalsafa na wanazuoni wa dini nyingi, lakini ni nadra kulikuta likiwa wazi kama katika gudi la Bombay, jiji la bandari la India liitwalo leo Mumbai, ambako mafundi wa ukoo mmoja wa Kiparsi waliunda merikebu kwa takriban karne moja na nusu. Gudi ni mahali pa pwani panapoundwa na kukarabatiwa vyombo vya baharini. Waparsi, nao, ni wafuasi wa dini ya Zoroasta ambao wahenga wao waliihama Uajemi wakafanya maskani Gujarat.

Fundi wa kwanza wa ukoo huo kuhamia Bombay, Lovji Nusserwanjee, aliletwa kutoka Surat mwaka 1736 na Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki, akifuatana na maseremala wenzake, na jina la ukoo, Wadia, lenyewe lina asili katika neno la Kigujarati linalotaja kazi ya kuunda vyombo. Yafaa ifahamike kwamba gudi halikuwa mali ya ukoo. Lilikuwa la Kampuni, na baadaye la dola ya Kiingereza. Kilichokuwa chao ni cheo cha fundi mkuu pamoja na ujuzi: namna ya kuchagua msaji wa Malabar, mti wenye mafuta yanayouzuia kuoza kwa miaka mingi kuliko mwaloni wa Ulaya, namna ya kulaza mkuku, yaani lile gogo refu la chini linalobeba mataruma, na namna ya kuyapanga mataruma hayo hadi chombo kipate umbo lake. Mali hiyo isiyoshikika ndiyo iliyopita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, na bila kuizingatia swali la dhima haliwezi kujibiwa.

Dini ya Zoroasta huwataka waumini washike mawazo mema, maneno mema na matendo mema, na hufundisha kwamba baada ya kifo roho hufika kwenye Daraja la Chinvat, ambako matendo ya mtu hupimwa. Mwaka 1816, mkuku wa manowari Trincomalee ulipolazwa, Jamsetjee Bomanjee Wadia aliupigilia msumari wa fedha ulionakshiwa, kwa kuwa mila ya Kiparsi iliuona kuwa sharti la salama ya chombo. Tendo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana, kwani anayekitakia chombo heri amekwisha kukiri kwamba safari zake zinamhusu. Na manowari ni chombo cha vita, ambacho heri yake mara nyingi huwa shari ya mwingine.

Jamsetjee huyo huyo aliunda Cornwallis, iliyoshushwa majini mwaka 1813, na Wellesley ya mwaka 1815. Wellesley ilishiriki kuiteka Karachi mwaka 1839, na mwaka uliofuata ikaishambulia Zhoushan katika vita ambavyo Uingereza ilipigana na China kwa sababu ya biashara ya afyuni. Ndani ya Cornwallis, tarehe 29 Agosti 1842, ilipokuwa imetia nanga Nanjing, ulitiwa saini mkataba uliomaliza vita hivyo na kuipa Uingereza Hong Kong. Fundi mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 1821.

Aristotle alitofautisha kutenda na kuunda: kutenda kuna kikomo ndani yake, ilhali kuunda hukusudia kitu kilicho nje ya kazi yenyewe, na kwa hiyo muundaji hupimwa kwa ubora wa kitu alichokiunda. Kwa kipimo hicho akina Wadia hawana lawama, bali wanastahili sifa. Jibu hilo, hata hivyo, ni jepesi mno. Wanafiqhi wa madhehebu ya Shafii, yaliyoenea pwani ya Afrika Mashariki, walipojadili mtu anayemuuzia zabibu mwenye kutengeneza mvinyo, walitenga mambo mawili: mkataba wa mauzo waweza kuwa sahihi, na bado muuzaji akapata dhambi ikiwa alijua zabibu zinakwenda wapi. Mzani umewekwa juu ya ujuzi wa muuzaji, na manowari haifichi kusudi lake, kwa kuwa matundu ya mizinga hukatwa ubavuni na fundi mwenyewe.

Hapo ndipo urithi unapokuwa mzito. Lovji angeweza kusema kwamba hakujua Kampuni ingekuwa nini. Mjukuu wake Jamsetjee, aliyeishi katika bandari ambayo merikebu zake zilipeleka pamba na afyuni China, hakuwa na udhuru huo kwa kiasi kile kile, maana aliyerithi tezo alirithi pia habari za mteja. Inasimuliwa kwamba alichonga ndani ya meli yake moja maneno ya kejeli, akijiita kwa tusi ambalo Wazungu walilitumia kwa mtu mweusi. Ikiwa ni kweli, basi aliwajua vyema aliowatumikia, ingawa haifuati kwamba alikuwa na uhuru wa kuwakataa.

Ujuzi nao una mpaka. Liverpool, iliyoundwa Bombay mwaka 1826 kwa ajili ya Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, ilitolewa zawadi kwa mfalme wa Uingereza mwaka 1836, ikapewa jina Imaum, ikaishia bandarini Jamaica; njia hiyo hakuna fundi aliyeweza kuiona kutoka gudini. Na Trincomalee, iliyoshushwa mwaka 1817, miaka miwili tu baada ya Wellesley, ilifika Uingereza ikawekwa akiba kwa takriban robo karne, baadaye ikawa chombo cha kufunzia vijana, na leo inaelea Hartlepool kama makumbusho. Dhima ikipimwa kwa matokeo, Jamsetjee atalaumiwa kwa Wellesley na kushukuriwa kwa Trincomalee, ilhali fundi ni yule yule na msaji ni ule ule. Ikipimwa kwa alichokijua alipoinua nyundo juu ya msumari wa fedha, meli hizo mbili ni kesi moja.