Nilianza na Tundu



Wiki iliyopita niliharibu chuma cha watu. Niko nyumbani Lemara, mapumziko mafupi ya mwaka wangu wa kichungaji. Baba yangu, aliyesoma Chuo cha Ufundi Arusha miaka ya 80, ana karakana nyuma ya nyumba: keekee, mashine ya kukereza, na mashine moja kuukuu ya milingi anayoipenda kama mtoto wa tano. (Tuko wanne. Wa kiume ni mimi peke yangu, na hilo lina uzito wake huku mbele.)

Vijana wa kigango walileta mashine yao ya kukoboa mahindi. Nyumba ya beringi upande mmoja imepasuka na spea haipatikani, kwa hiyo ikabidi kuchonga mpya kutoka pande la chuma. Beringi yenyewe ni 6206: tundu la ndani milimita 30, nje 62, unene 16. Baba akapima, akachora nyuma ya kalenda, akasema, "Kesho tunapanga hatua." Kisha akaenda msibani.

Sasa mimi, mhitimu wa falsafa, nipange nini? Kazi si ni tundu? Nikalibana pande kwenye jiliwa jinsi lilivyotoka kukatwa kwa gesi, nikapima 45 kutoka ukingoni, nikatoboa, nikapanua taratibu mpaka 62. Jamani, tundu lilipendeza! Linang'aa kama pete. Ndipo nikageuza, nikasawazisha kitako.

Baba aliporudi akaweka skwea. Tundu limelala. Chini ya pande kulikuwa na uvimbe mdogo wa chuma kilichoyeyuka wakati wa kukata, nao ulikuwa umeliinua upande mmoja ndani ya jiliwa. Sikuuona, maana sikutazama. Shafti ikipita pale haitakutana na beringi ya upande wa pili.

"Tuweke kipande cha bati chini ya kitako, Baba?"

"Bati litainua. Hili limelala huku na huku, huwezi kulinyoosha kwa bati." Akanyamaza. "Frateri, yaani umeanza na tundu?"

Akachukua chaki, akaandika sakafuni, tena kuanzia mwisho. Shafti izunguke bila kuunguza beringi. Ili izunguke hivyo, tundu liwe sambamba na kitako. Ili liwe sambamba, wakati wa kulitoboa kitako kiegemee taya la jiliwa lisilosogea, na uso mpana ulale vizuri chini. Ili hayo yawezekane, kitako kiwe mraba na uso mpana. Kwa hiyo kitu cha kwanza kabisa kuchongwa ni uso mpana, ambao mteja hatauangalia hata siku moja.

Kutoka hapo akarudi mbele. Uso uliochongwa unagusishwa kwenye taya lisilosogea, na upande wa taya linalosogea unaweka kipande cha nondo ya mviringo, ili ukikaza, uso ule safi ulale wenyewe bila kusukumwa na upande ambao bado una mawimbi. Ndipo kitako, halafu nyuso nyingine. Kisha matundu mawili ya bolti za M10, yatobolewe kwa 8.5 na kukatwa hesi. Tundu kubwa ndilo la mwisho: fika 61.5, acha nusu milimita, pima, malizia, na usilifungue pande kwenye jiliwa katikati ya kazi.

Masikio yalikuwa yananiwaka. Jambo hili nimelifanyia mtihani! Aristotle analisema, Mtakatifu Thoma wa Akwino analipokea: lengo huja kwanza katika nia, katika utendaji huja mwisho. Niliandika kurasa nne, nikapata alama nzuri. Na Thoma huyohuyo anahesabu utayari wa kufundishwa kuwa sehemu ya busara, lakini mimi sikuweza kumsubiri Baba atoke msibani.

Katika Luka 14, Yesu anasema anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akapiga hesabu. Huwa tunalisikia kama somo la fedha. Lakini aliyesema alikuwa fundi (Marko 6:3), na Mtakatifu Yustino, shahidi wa karne ya pili, anasimulia kwamba alitengeneza majembe ya kukokotwa na nira. Nira iliyochongwa vibaya humchubua ng'ombe shingo. Nadhani alijua kwa mikono yake kwa nini mtu huketi kwanza.

Tunaoanza na tundu tuko wengi. Kamati ya harusi imeshaundwa, ukumbi umelipiwa, na wachumba hawajawahi kuongea kuhusu madeni wala nani atamtunza mama. Mimi maneno ya kadi ya upadrisho ninayo kichwani tangu mwaka wa kwanza. Barua ya kuomba kuendelea na teolojia iko kwenye begi. Ila Baba sijawahi kumwambia kwamba nikienda, karakana haina mtu. Miaka mitatu nimelizunguka hilo neno.

Jioni ile tukaanza pande la pili, uso mpana kwanza. Baba haoni vizuri tena vimistari vya vania, kwa hiyo mimi nasoma, yeye anaitikia kwa kichwa. Tulipofika uso wa nne nikasema.

"Baba, nikiendelea na wito, hii karakana..."

Hakuzima mashine. "Nilijua tangu ulipoanza kutumikia Misa. Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe." Akapuliza vumbi la chuma. "Inaniuma. Usidhani hainiumi. Haya, soma hapo."

"Tisini kamili."

"Geuza."

Kesho yake beringi iliingia kwa kugongwa kidogo na kipande cha mbao, na vijana wakachukua mashine yao. Barua bado iko kwenye begi. Jumapili baada ya Misa nitampa Baba aisome kabla sijaipeleka kwa walezi. Mtuombee wote wawili.